Ndizi za Kutani: mzaha wa Kamide Keigo ndani ya karakana ya ukoo wake

Mwaka 2006, mwanafunzi wa uchoraji wa rangi za mafuta katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tokyo aliwasilisha kazi yake ya kuhitimu: chana la ndizi. Lilikuwa la kauri, na juu ya maganda yalichorwa maua ya plamu kwa rangi nzito za kioo, kwa mtindo ambao Wajapani wengi wanaujua tangu utotoni kutokana na vyombo vya wageni vya nyumbani kwao, mtindo wa Kutani. Mwanafunzi huyo, Kamide Keigo, alizaliwa mwaka 1981 mkoani Ishikawa, katika ukoo unaoendesha karakana ya kauri iitwayo Kamide Choemon. Karakana hiyo ilianzishwa mwaka 1879. Yeye ni wa kizazi cha sita.

Ukiiona kazi hiyo mara ya kwanza unacheka, na hapo wengi huishia. Mimi kinachonivutia ni kilichofuata. Utani wa wanafunzi wa sanaa kwa kawaida hufa siku maonyesho yanapofungwa, lakini huu ulirudi kijijini, ukaingia karakanani, ukageuka kuwa njia ya kufanya kazi. Kwa nini haukufa? Jibu langu ni kwamba Kamide, katika kazi zake zilizo bora, hugusa kitu kimoja tu na kuacha vingine vyote vilivyo. Akibadilisha umbo, nakshi inabaki ya zamani. Akibadilisha kilicho ndani ya nakshi, umbo linabaki lilelile. Pale anapogusa viwili kwa pamoja, kazi inapoa, na mfano wake nitautaja.

Turudi nyuma kidogo, maana bila historia ndizi ile ni ndizi tu.

Simulizi ya kawaida inasema kauri ya Kutani ilianza mwaka 1655 katika kijiji cha milimani chenye jina hilo, chini ya tawi la ukoo wa Maeda lililotawala Daishoji. Mtu aitwaye Goto Saijiro, kwa mujibu wa simulizi hiyo, alipelekwa Arita, upande wa pili wa nchi, kujifunza siri za kauri. Jiko likawaka kwa takriban miaka 50, kisha likazimika. Kilichobaki ni sahani na bakuli za rangi tano, yaani kijani, manjano, zambarau, buluu iliyoiva na nyekundu, zenye michoro ya kijasiri isiyoogopa kujaza chombo kizima. Kasoro ni kwamba uchimbuaji wa karne ya 20 ulionyesha kuwa nyingi kati ya sahani zinazoitwa Kutani ya Kale huenda zilitengenezwa Arita kwenyewe. Mabishano hayo hayajaisha. Mtu akija na hoja kwamba ndizi imeharibu asili ya Kutani, aulizwe kwanza asili hiyo iko wapi, maana hata sahani zinazoheshimiwa kuliko zote cheti chao cha kuzaliwa kina utata.

Pakapita karibu karne nzima. Mwaka 1807 watawala wa Kaga, jimbo la zamani la eneo hilo, walimwalika Aoki Mokubei, fundi na msomi kutoka Kyoto, aje kufufua kazi hiyo Kanazawa. Alikuja na mtindo wake wa picha za watu wa Kichina juu ya mandharinyuma nyekundu. Aliyefuatana naye, Honda Teikichi, ndiye aliyegundua jiwe zuri la kauri huko Hanasaka, na jiwe hilo bado linasagwa hadi leo. Mwaka 1824 tajiri mmoja mwenye duka la Yoshidaya akafungua jiko lake, akaitupa nyekundu nje kabisa na kufunika vyombo kwa kijani, manjano, zambarau na buluu. Miyamotoya, waliolichukua jiko hilo baadaye, wakafanya kinyume chake, wakachora kwa nyekundu nyembamba kama unywele. Kisha akaja Kutani Shoza (1816–1883), mzaliwa wa Terai, aliyechanganya mitindo yote hiyo kwenye chombo kimoja, akaongeza dhahabu na kuuza Ulaya. Kwa macho ya leo vyombo vyake vingi vimejaa kupita kiasi, lakini vilipendwa sana huko nje na kuiletea Terai biashara.

Ni katika Terai hiyohiyo, ambayo leo ni sehemu ya mji wa Nomi, ambako Kamide Choemon ilianza mwaka 1879, wakati biashara ya nje imepamba moto. Kwa hiyo kila kizazi cha Kutani kilipokea kitu kutoka mahali pengine na kukigeuza. Arita, Kyoto, China na wanunuzi wa Vienna wote wamo ndani ya sahani moja. Chana la ndizi, ambalo kwa mgeni linaonekana kama uasi, limeingia kwenye foleni ndefu ya ukopaji.

Hali ya karakana yenyewe ilikuwaje? Choemon ilijulikana kwa vyombo vya migahawa ya Kijapani ya heshima, ile ambayo kila mlo mdogo una kisahani chake. Ni kazi ya mkono, moja baada ya moja. Biashara ya namna hiyo hutegemea mambo mawili, migahawa inayonunua seti nzima na familia zinazopeana vyombo kama zawadi za harusi na za shukrani. Uchumi wa Japani ulipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, yote mawili yalidhoofika. Vijana wakahamia kwenye nyumba ndogo za mijini, wakanunua vyombo vyeupe vya bei nafuu, na kabati la vyombo vya wageni likakosa nafasi. Ubora wa Kutani haukushuka, ila watu walikuwa na sababu chache zaidi za kuinunua.

Sasa tuisogelee ndizi.

Kauri huanza kama jiwe lililosagwa na kufanywa udongo mweupe. Umbo likikauka huchomwa mara ya kwanza ili lishike, kisha hupakwa glezi, ule utando wa kioo unaokipa chombo mng'ao, na kuchomwa tena kwa joto la takriban nyuzi 1,300. Hapo ndipo mchoraji wa Kutani anapoanza kazi yake. Anachora mistari ya kiunzi kwa rangi nyeusi juu ya glezi iliyokwisha kuiva. Kisha anajaza kila chumba cha mchoro kwa rangi ambayo kwa kweli ni unga wa kioo uliokorogwa, na anauweka kwa unene, kana kwamba anautua badala ya kuupaka. Rangi hizo zikiwa mbichi zina sura ya chaki, zimefifia, na zinadanganya jicho. Chombo kinarudi motoni, safari hii kwa nyuzi 800 na kitu, na unga unayeyuka kuwa kioo angavu. Mstari mweusi unaonekana chini yake kama kokoto chini ya maji ya mto. Nyekundu peke yake haifuati sheria hiyo, kwa kuwa inatokana na chuma, hupakwa nyembamba na wala haipitishi mwanga.

Utaratibu huo ulizaliwa kwenye sahani. Sahani ina ukingo na katikati, na imetulia. Ndizi haina hata kimoja kati ya hivyo. Ina migongo, inajipinda, na chana lina mianya kati ya kidole na kidole ambamo brashi hupita kwa taabu. Rangi ya kioo ikizidi unene kwenye mteremko huchuruzika motoni au hubanduka baadaye. Kuna na suala la mahali pa kuegemea, maana sehemu yenye glezi ikigusa rafu ya tanuri hugandamana nayo, hivyo kila chombo lazima kiwe na mahali palipoachwa wazi. Bakuli hupaficha mahali hapo chini ya kisigino chake. Chana la ndizi lina kisigino gani? Mtu asiyejua kazi hii huona kichekesho, lakini fundi aliyekaa miaka 30 mbele ya brashi anaona mtihani, na nadhani heshima ya karakana kwa kijana huyu ilitoka hapo.

Maua ya plamu yenyewe hayakubadilishwa hata kidogo. Hayana miwani ya jua, hayana maandishi ya kuchekesha. Ni plamu ya heshima, ua linalotangulia kuchanua baridi ingali kali, lilelile lililochorwa kwenye visahani vya migahawa kwa vizazi. Kwenye kazi nyingine ya ndizi Kamide alitumia picha za Xiang Yu na Liu Bang, mahasimu wawili waliogombania China baada ya kuanguka kwa dola ya Qin, vita vilivyomalizika mwaka 202 kabla ya Kristo. Majemadari hao nao wamechorwa kwa uzito wote wa mtindo wa kale, ni vile tu wamejikuta juu ya ganda la ndizi. Mchoro hauonekani kujua kwamba uko mahali pa ajabu. Ukinuna namna hiyo ndipo mzaha unapofaulu, na mchekeshaji yeyote wa jukwaani atakwambia usicheke utani wako mwenyewe.

Kwa nini ndizi, si embe au samaki? Japani ndizi ina historia ya peke yake. Zamani ilitoka Taiwan, ilipokuwa koloni. Baada ya vita uagizaji wa matunda ulidhibitiwa, na ndizi ikawa kitu cha kumpelekea mgonjwa hospitalini, ikimenywa kwa sherehe na kugawanywa. Aprili 1963 vizuizi vya uagizaji viliondolewa. Bei ikaanguka, na leo ndizi, nyingi zikitoka Ufilipino, ni kati ya matunda ya bei ya chini kabisa dukani. Yaani ndani ya maisha ya mtu mmoja ndizi ilishuka kutoka ufahari hadi ukawaida. Vyombo vya Kutani vimepita njia iyo hiyo, kutoka zawadi ya kuonyesha wageni hadi boksi lililosahaulika kabatini. Sidai kwamba Kamide alipiga hesabu hizo, ila ukiviweka viwili hivyo pamoja vinazungumza vyenyewe. Msomaji wa Bukoba au Rungwe, ambaye ndizi kwake ni mlo na mgomba ni urithi, atakisoma kitu hiki kwa namna nyingine kabisa, na pengine ataanza kwa kuuliza kwa nini chana limekatwa changa.

Pwani yetu, kwa njia yake, ilishakifanyia kauri kitu kinachofanana na hiki. Kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Mambrui bakuli za Kichina zilipachikwa kwenye chokaa, na katika nyumba za mawe za Lamu sahani zilipangwa ndani ya zidaka, zionekane tu. Chombo kikishanyimwa kazi ya kubeba chakula, watu hulazimika kukitazama.

Kuna ndizi nyingine maarufu ambayo siwezi kuiruka. Desemba 2019 Mwitaliano Maurizio Cattelan alibandika ndizi halisi ukutani kwa utepe wa gundi kwenye maonyesho ya Art Basel huko Miami Beach, akauza kwa dola 120,000. Novemba 2024 nakala yake moja ilipigwa mnada na Sotheby's jijini New York kwa zaidi ya dola milioni 6. Ndizi hiyo ikioza, mwenye nayo hununua nyingine gengeni na kuibandika upya, kwa sababu alichonunua ni wazo pamoja na cheti. Ya Kamide ilitangulia kwa miaka 13 na inasimama upande wa pili kabisa, kwa kuwa wazo lake ni dogo na linaelezeka kwa sentensi moja, ila ganda lake hakuna muuza matunda wa kukuuzia. Mimi naipenda zaidi hii ya Kamide, na sioni haja ya kuficha upendeleo huo.

Hatua iliyofuata ndiyo inayokifanya kisa hiki kiwe cha karakana nzima. Choemon ina mchoro wake ambao umekuwa ukichorwa kwa zaidi ya miaka 60, wa mtu mdogo wa buluu aliyevaa joho la Kichina, akipuliza filimbi kwenye ubavu wa kikombe cha chai. Unatokana na kauri za kale za buluu na nyeupe. Kamide hakuuondoa mchoro huo, wala hakuuchora upya. Alimpokonya yule mtu filimbi tu, akampa tarumbeta, akampa gitaa la umeme, akambebesha redio ya kaseti. Mwingine yuko juu ya ubao wa kuteleza. Joho ni lilelile, na uso una upole uleule wa mtu asiyejua kwamba karne zimepita.

Hapa fundi anahitaji ustadi wa aina nyingine. Buluu hii huchorwa kabla ya glezi, juu ya udongo uliochomwa mara moja tu, na udongo huo hunyonya maji papo hapo. Hakuna kufuta. Mstari wa joho hushuka kwa mkono mmoja bila kusita, kisha brashi nene iliyolowa rangi hupitishwa ndani ya mistari, ikiongoza tone lisivuke mpaka. Mchoraji aliyemchora mpuliza filimbi mara elfu kadhaa tayari ana mkono wa joho na wa uso. Anachojifunza upya ni gitaa tu. Kwa lugha ya biashara gharama ya mabadiliko ni ndogo sana, kwani tanuri, umbo la kikombe, rangi na mafunzo vinabaki vilevile. Mteja kijana akipata kikombe cha mtu mwenye gitaa, bila kujua anakuwa amenunua nakshi ya zamani, na akirudi dukani huenda akamchukua na yule wa filimbi. Katika kazi zote za karakana hii, hiki kikombe kidogo ndicho ninachokiona kuwa na akili zaidi, kuliko hata ndizi.

Fuvu la kichwa ndilo mfano wangu wa kazi iliyopoa. Kwa kushirikiana na Maruwakaya, kampuni ya Maruwaka Hirotoshi, Choemon ilitengeneza kopo la peremende lenye umbo la fuvu, limefunikwa maua yaliyosongamana bila kuacha nafasi ya kupitisha kucha. Ufundi wake unatisha. Ila fuvu lenyewe tayari linapiga kelele, na miaka ile mafuvu yalikuwa kila mahali, kwenye fulana, kwenye pete, na Damien Hirst alishalijaza moja almasi mwaka 2007. Maua ya kusongamana nayo yanapiga kelele. Umbo linataka utazame na nakshi inataka utazame, na hakuna kati ya hivyo kinachonyamaza ili kingine kisikike. Kinachoiokoa kwangu ni jambo la matumizi, kwamba mgeni lazima aingize vidole ndani ya fuvu apate peremende yake. Hicho ni kichekesho cha kweli, na kinatokea mezani, hakihitaji kibao cha maelezo.

Kamide pia aliligusa jambo ambalo mafundi wa Kutani hulisema kwa sauti ya chini, nalo ni vibandiko. Kuna karatasi maalumu zenye michoro iliyokwisha kuchapishwa kwa rangi za tanuri, ambazo hubandikwa kwenye chombo na kuchomwa. Ndizo zilizowezesha vyombo vya bei rahisi, na wachoraji wa mkono wana sababu ya kuzichukia. Katika mradi ulioitwa Kutani Seal vibandiko hivyo viliwekwa mezani waziwazi, wateja na watoto wakapewa vyombo vyeupe, wakabandika wanavyotaka, kisha vyombo vikachomwa. Naielewa hoja ya mradi huo, kwamba anayebandika mwenyewe hugundua tofauti kati ya kuchapisha na kuchora. Bado nina mashaka kama mtoto wa miaka minane anaondoka na somo hilo, au anaondoka na sahani nzuri tu.

Karakana iliposhirikiana na Jaime Hayon, mbunifu wa Kihispania aliyezaliwa Madrid mwaka 1974 na aliyekwisha kufanya kazi na kiwanda cha kauri cha Lladró, mambo yaligeuka. Michoro yake ya kuchekesha ndiyo iliyokuja kutoka nje, na mikono ya Terai ikaitafsiri kwa brashi zake. Vyombo hivyo vinapendeza. Havina ule mkwaruzano wa ndizi, kwa sababu Hayon huja na ulimwengu wake mzima, hivyo Kutani inakuwa mwenyeji mkarimu kuliko mbishi.

Mwaka 2013 Kamide aliunda kampuni na kuchukua rasmi uendeshaji wa karakana. Hapo linakuja swali ambalo sifa nyingi anazopewa hulikwepa. Mhitimu mwingine wa mwaka uleule, mwenye wazo zuri kama lile lakini asiye na ukoo wa tangu 1879, angelipeleka wapi? Kamide alirudi nyumbani akakuta tanuri, wafinyanga maumbo, wachoraji waliokomaa na mchoro wa mpuliza filimbi unaomsubiri. Utani wake unaegemea mishahara ya watu hao. Karakana ndogo ya jirani ikisikia kwamba ujana unauza na kuanza kubandika gitaa kwenye kila kikombe, bila mchoraji anayeweza kushusha joho kwa mkono mmoja, itapata vikombe vyenye picha za gitaa.

Halafu kuna suala la muda. Redio ya kaseti ilichaguliwa ili igongane na joho la kale. Leo kijana wa miaka 18 hajawahi kubonyeza kaseti, na machoni pake redio ile na filimbi ile ni vitu vya zama moja. Mgongano unaanza kuisha wenyewe, bila mtu kugusa kikombe. Karakana ina njia mbili: kuendelea kumbadilishia mtu huyo vifaa kila baada ya miaka michache, au kumwachia redio yake hadi nayo iwe nakshi ya kawaida ya nyumba, ya kufundishwa mchoraji mpya wiki ya kwanza pamoja na joho. Ningekuwa mimi, ningemwachia.